Mbele ya kubonyeza «Supprimer»: diski inapokataa Windows ao Linux

Leo tuongee juu ya jambo moja lenye linaonekana dogo, lakini linaweza kupoteza TFC, memwari na picha za familia mu dakika mbili tu: kupanga sisteme mpya ku ordinateri.

Habari iko hivi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Wengi yetu tunataka kupanda Windows 11. Wenye mashini za okazyo zenye haziwezi kuibeba wanaenda ku Ubuntu ao Linux Mint. Mtu anatengeneza kle, anawasha mashini, anafika pale anaulizwa sisteme ikae wapi. Halafu ujumbe unatoka: haiwezekani kuinstali ku diski hii. Hapo fundi wa pembeni anasema neno moja: «Tuformate yote.» Na mwenye mashini anakubali, juu hajui njia ingine.

Njia ingine iko. Ule ujumbe hausemi kama diski imekufa. Mara mingi unasema tu kama vitu viwili havikubaliani. Ukijua ni vitu gani, unaweza kutengeneza bila kupoteza hata fishie moja. Na pale kufuta ni lazima kweli, utajua unafuta nini na unabakisha nini. Soma pole pole, si lazima uwe umesoma informatike.

1. Diski ni kiwanja, na kiwanja kiko na daftari

Fikiria diski kama kiwanja kikubwa chenye kimekatwa mu parseli. Kila parseli ndiyo tunaita patisheni. Mu moja kuna Windows, hiyo unaona kwa jina la C. Mu ingine kuna fishie zako, mara mingi inaitwa D. Kuna na parseli ndogo ndogo zenye hauonaki mu kazi ya kila siku, lakini mashini inazihitaji.

Mipaka ya parseli hizo haichorwi mu kiwanja chenyewe. Inaandikwa mu daftari, kama vile mu ofisi ya ardhi: parseli hii inaanzia hapa, inaishia pale. Daftari lenyewe ni dogo sana, lakini bila hilo mashini haijui nyumba yoyote iko wapi.

Shika jambo hili, litatusaidia mbele: ukifuta patisheni, unapasua ukurasa wa daftari. Nyumba bado imesimama. Lakini ukiformata na kuandika vitu vipya juu yake, hapo unajenga nyumba mpya mahali pa ile ya zamani.

2. Madaftari ni mawili: MBR na GPT

Daftari la zamani linaitwa MBR. Liliingia mu mwaka 1983 na PC DOS 2.0, wakati IBM ilianza kuuza ordinateri zenye diski ya MB 10. Linakaa mu sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Baiti 446 ni za programu ndogo ya kuamsha sisteme. Baiti 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Zinabaki 64 za kuandika mipaka, na kila patisheni inakula 16. Gawanya 64 kwa 16, unapata 4. Njo maana diski ya MBR haiwezi kuwa na patisheni kuu zaidi ya 4. Ukitaka zaidi, moja kati yazo inageuzwa kuwa kama mfuko, na ndani ya mfuko unakata zingine ndogo.

Tena, MBR inaandika namba za sekta kwa biti 32. Kwa sekta za kawaida za baiti 512, haiwezi kuhesabu kupita tera 2,2 hivi. Ukiweka diski ya tera 4 mu MBR, karibu nusu yake inabaki bila kazi.

Daftari jipya linaitwa GPT. Kwa kawaida liko na nafasi ya patisheni 128. Zaidi ya hayo, linaandikwa mara mbili: mwanzo wa diski na mwisho wa diski. Kopi moja ikiharibika, ya pili inaweza kusaidia kuitengeneza. MBR haina kopi kama hiyo.

3. Njia za kuamka nazo ni mbili

Mbele Windows iamke, kuna programu ndogo ndani ya mashini yenyewe, si ku diski, yenye inaamka ya kwanza na kutafuta sisteme. Watu wanaendelea kuiita BIOS. Mashini mingi za tangu wakati wa Windows 8, mwaka 2012, ziko na aina mpya, UEFI. Lakini mingi kati yazo zinajua pia kujifanya kama BIOS ya zamani. Mu menyu utaona neno «Legacy» ao «CSM».

Sasa kanuni yenyewe ni hii, na inaeleza karibu nusu ya matatizo yote: Windows ikiamshwa kwa UEFI, inataka diski ya GPT. Ikiamshwa kwa Legacy, inataka diski ya MBR. Ukichanganya, inakataa. Linux ni mpole kidogo hapo, lakini ukitaka sisteme mbili ku mashini moja, ziamshe zote kwa njia moja.

Kujua mashini yako iko wapi, kama Windows ya sasa bado inaamka, ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32. Tafuta mstari «Mode BIOS»: itaandika UEFI, ao «Hérité», yaani ya zamani. Kwa diski, fungua «Gestion des disques», bonyeza kwa upande wa kuume juu ya jina la diski (si juu ya patisheni), ingia mu «Propriétés» halafu «Volumes». Hapo itaandika kama ni MBR ao GPT. Andika majibu hayo mawili ku karatasi mbele ya kugusa kitu.

4. «Diski iko na daftari la MBR»

Huu ndio ujumbe unaonekana zaidi. Mashini imeamsha kle kwa UEFI, lakini diski iko na MBR. Mara mingi ni mashini yenye ilianza na Windows 7, ikapandishwa Windows 10, na daftari lake halikubadilishwa hata siku moja. Iko na njia tatu.

Njia ya kwanza: uamshe kle kwa Legacy. Mu menyu ya kuchagua kle (F12 ku Dell na Lenovo nyingi, F9 ku HP), kle moja inaweza kuonekana mara mbili: moja iko na neno UEFI mbele ya jina, ya pili haina. Chagua yenye haina. Hii inafaa kwa Windows 10 ao Linux ku mashini ya zamani. Kwa Windows 11 haifai, juu Microsoft inaomba UEFI, Secure Boot, TPM 2.0, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 angalau.

Njia ya pili: ubadilishe MBR kuwa GPT bila kufuta. Watu wengi hawajui kama hiyo iko, na njo maana wanakubali kupoteza vitu. Tangu mwaka 2017, toleo 1703 la Windows 10 lilileta kifaa kinaitwa mbr2gpt. Ukiwa ndani ya Windows yako ya sasa, fungua dirisha la komandi kama administrateri, andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Hiyo inapima tu, haibadilishi kitu. Ikikubali, unaandika:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Halafu unazima, unaingia mu menyu ya mashini, unaweka UEFI mahali pa Legacy. Usisahau hatua hiyo: ukiiacha, Windows haitaamka, na utafikiri umeharibu kila kitu, kumbe ni kugeuza swichi moja tu. Masharti yake: patisheni kuu zisipite 3, juu kifaa kinahitaji nafasi ya kuongeza moja, na usiwe na ule mfuko tumesema juu. Kama BitLocker inafanya kazi, isimamishe kwanza. Na kopi ya vitu vyako iwe tayari imetoka ku diski hiyo. Kifaa ni kizuri, lakini umeme na diski za zamani hazina adabu.

Njia ya tatu: kufuta diski nzima. Mu programu ya kuinstali, Shift na F10 inafungua dirisha jeusi (ku laptopu zingine ongeza Fn). Mafundi wanaandika pale diskpart, list disk, select disk 0, clean, convert gpt. Inafanya kazi vizuri. Lakini sikiliza neno clean linafanya nini: linapasua daftari ZIMA la diski hiyo. Si C tu. D nayo inaenda. Watu wengi wanaweka memwari mu D na kusema «D ni salama, hata fundi akiformata C». Kwa kuformata C tu, ni kweli. Kwa clean, si kweli hata kidogo, juu C na D ni parseli za kiwanja kimoja.

Tena, «disk 0» haimaanishi kila mara diski yenye unafikiri. Kama mashini iko na SSD na diski ya kawaida, ao uliacha diski ya nje imechomekwa, namba zinaweza kukudanganya. Angalia ukubwa. Diski yenye inauzwa kama GB 500 itaonekana karibu 465. Ya tera 1 itaonekana karibu 931. Ya 256 karibu 238. Hawajakuibia, ni njia mbili za kuhesabu tu. Na andika list disk mara ya pili mbele ya clean: kinyota kinakaa pembeni ya diski yenye umechagua.

5. «Diski iko na daftari la GPT»

Huu ni ule wa kwanza umegeuzwa. Diski iko mpya, lakini kle imeamka kwa Legacy. Hapa kufuta ni kupoteza bure kabisa. Zima, rudi mu menyu ya kle, chagua yenye iko na neno UEFI. Basi.

Kama jina la UEFI halionekani, tatizo linaweza kuwa ku kle yenyewe. Mu Rufus kuna mahali pa «Schéma de partition»: kwa UEFI chagua GPT, kwa mashini ya zamani chagua MBR. Wengine wanakopi fishie za Windows kwa mkono ku kle ya FAT32, na fishie moja inakataa kuingia juu inapita GB 4. FAT32 haibebi fishie kubwa kuliko hapo. Kle inabaki nusu, na kuinstali kunakwama katikati. Rufus inajua kutengeneza hiyo yenyewe.

6. Diski haionekani kabisa

Unafika ku ukurasa wa kuchagua diski, na orodha ni tupu. Mbele ya kusema SSD imekufa, angalia mashini ni ya mwaka gani. Laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na za nyuma yake zinaficha SSD nyuma ya kitu kinaitwa VMD ao RST. Windows ya ku kle haiko na pilote ya kuiona. Dawa: ku ordinateri ingine, shusha pilote ya Intel RST ku tovuti ya yule alitengeneza mashini, ifungue mu kle, halafu bonyeza «Charger un pilote». Diski itatokea.

Kwa Linux, mara mingi unaombwa kuzima RST na kuweka AHCI mu menyu ya mashini. Uwe mwangalifu: ukigeuza hivyo wakati Windows ya zamani bado iko pale, inaweza kukataa kuamka mpaka utakaporudisha ao utakapoitayarisha. Usigeuze usiku wa mbele ya kutetea memwari.

Na kama diski inapiga kelele ya tik-tik, ao kufungua dosie moja inachukua dakika kumi, hapo ugonjwa uko ku diski yenyewe. Hakuna patisheni itaiponya. Toa vitu vyako kwanza, usiandike kitu juu yake, halafu utafute ingine.

7. «Haikuweza kutengeneza patisheni mpya» na jamaa zake

Ujumbe huu unakuja mara mingi juu mashini imechanganyikiwa na vitu vingi: kadi ya kumbukumbu imebaki ndani, diski ya nje imechomekwa, ao kuna diski mbili. Toa vyote isipokuwa kle ya kuinstali, washa tena. Ikiendelea, hesabu patisheni: kama ni MBR na tayari ziko 4, hakuna mstari wa tano mu daftari, hata kama kuna GB 200 za bure. Nafasi iko, ila hakuna mahali pa kuiandika.

Hapo wengine wanaangukia mu mtego mwingine. Ndani ya Windows, ukijaribu kutengeneza patisheni ya tano ku diski kama hiyo, inakuuliza kama unataka kuigeuza kuwa diski «dynamique». Watu wanabonyeza «Oui» bila kusoma. Kazi inaenda, wanafurahi. Siku ya kuinstali sisteme mpya, inakataa: haikai ku diski ya namna hiyo. Na kurudi nyuma kwa vifaa vya Windows yenyewe kunaomba kufuta patisheni zote. Ukiona swali hilo, bonyeza «Non».

8. Kupunguza C, kuongeza C

Unataka kukata GB 60 za Linux kutoka mu C yenye iko na GB 150 za bure, lakini «Réduire le volume» inakupa GB 3 tu. Juu ya nini? Kuna fishie zenye Windows haikubali kusogeza: ya usingizi wa mashini, ya kumbukumbu ya msaada, na za kurudisha sisteme nyuma. Moja ikikaa mwisho wa parseli, mpaka hauwezi kuipita. Zima usingizi kwa powercfg /h off mu dirisha la administrateri, zima kwa muda zile zingine mbili, washa tena mashini, jaribu. Mara mingi nafasi inafunguka.

Upande wa kuongeza: «Étendre le volume» imefifia, haibonyezeki. Windows inakubali kuongeza C kama nafasi ya bure iko mara moja ku kuume kwake. Kama katikati kuna parseli ndogo ya «Récupération», imefunga njia. Kle ya GParted inaweza kuisogeza. Lakini kusogeza patisheni ni kubeba data kutoka mahali mpaka pengine, na umeme ukikatika katikati, nyumba inabaki nusu huku nusu kule. Kwa kazi hii laptopu iwe na batri imejaa na yenye afya. Ordinateri ya meza bila onduleri, subiri.

9. Linux pembeni ya Windows

Mambo matatu tu. Kwanza, zima «démarrage rapide» mu Windows. Ikiwaka, Windows haizimi kabisa, inalala, na Linux itakataa kuandika mu patisheni zake.

Pili, tengeneza nafasi ya bure ukiwa ndani ya Windows, iache bila kuiformata, Linux itaikuta. Ubuntu inaomba GB 25 angalau.

Tatu, na hii ni kubwa: ku diski ya GPT utaona parseli ndogo inaitwa EFI, mara mingi MB 100. Watu wanaiona ndogo, wanasema ni takataka, wanaifuta. Kumbe ndani yake ndimo mlango wa kuamsha sisteme zote. Ukipanga kwa mkono, ichague kama /boot/efi lakini USIIFORMATE. Ukiiformata, Windows bado iko nzima, ila haina mlango.

10. BitLocker: ufunguo wa namba 48

Mashini mingi za leo zinafunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua, hasa kama uliingia na konti ya Microsoft. Ukigeuza Secure Boot ao kitu kingine mu menyu, inaweza kukuomba ufunguo wa namba 48. Kama hauna, fishie hazisomeki, hata ukitoa diski na kuiweka ku mashini ingine. Diski itatumika tena baada ya kufutwa, lakini vitu vimeenda.

Kwa hiyo, mbele ya kazi yoyote, andika manage-bde -status mu dirisha la administrateri. Ikionyesha kama diski imefungwa, ingia mu konti yako ya Microsoft, toa ufunguo, uandike ku karatasi. Ukinunua mashini ya okazyo yenye bado iko na konti ya mwenye zamani, ufunguo unaweza kuwa kwake. Usikae nayo miezi sita ukijaza kazi zako ndani: anza na sisteme yako mwenyewe.

11. Kama imeshafutwa

Rudi ku mfano wa daftari. Patisheni imefutwa, ukurasa umepasuka, nyumba bado iko. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni KUACHA. Usiinstali kitu, usiformate «ili ionekane», usishushe programu ya kurudisha ku diski ileile. Zima mashini.

Halafu amsha kle ya Linux, ao toa diski uiweke ku mashini ingine, tumia TestDisk. Ni ya bure, na inatafuta mipaka ya zamani kwa kusoma diski yenyewe. Mara mingi inaonyesha patisheni na dosie zake, na unaweza kukopi fishie kwenda ku diski INGINE. Ikishindwa, ndugu yake PhotoRec inatafuta fishie moja moja, ila majina yanapotea.

Ku diski ya kawaida, yenye kuzunguka, matumaini ni mazuri kama hakuna kilichoandikwa juu. Ku SSD ni ngumu zaidi. Windows ikiformata SSD, inaiambia kama nafasi hiyo haina kazi tena, na SSD inaweza kuisafisha yenyewe. Hapo hakuna fundi, hata wa bei gani, atakurudishia. Mtu mwenye anakuahidi asilimia mia, muulize kwanza kama ni SSD na kama iliformatwa.

12. Utaratibu wa kazi

Ukibeba kitu kimoja tu mu maandishi haya, beba hiki:

1. Kopi ya vitu vya maana itoke ku diski hiyo: ku diski ya nje, ku mashini ya mwenzako, ao ku intaneti. Kopi mu D si kopi.
2. Fungua fishie mbili tatu za kopi hiyo, uone kama zinasomeka. Kuna kle za bei ya chini zenye zinasema GB 512, kumbe ndani ni ndogo sana. Zinapokea fishie na kuziharibu.
3. Andika: UEFI ao Legacy? GPT ao MBR? BitLocker iko?
4. Piga picha ya ukurasa wa «Gestion des disques» kwa simu.
5. Toa diski na kadi zote zenye hazihusiki.
6. Batri ijae.
7. Ujumbe ukitoka, usome mpaka mwisho, uupige picha, halafu utafute uko mu namba gani hapa juu. Njo uguse.

Na kwa wenzetu mafundi: mteja akileta mashini, swali la kwanza lisiwe «Unataka Windows gani?» Liwe «Vitu vyako viko wapi, na kopi iko wapi?» Mwambie wazi kama utafuta C tu ao diski nzima, na akubali kwa mdomo wake. Ni dakika tano, na zinalinda heshima yako pia.

Kama mu familia yako kuna kaka ao dada mwenye anatetea memwari mwaka huu, muulize leo kopi iko wapi. Akijibu «iko mu ordinateri», mpelekee kle hii wiki.